Ameshinda Mnada, Malipo Hayaji: Nimsubiri Mpaka Lini?

Shikamoo Shangazi,

Nauza kamera za filamu na lenzi zake kwenye mnada wa mtandaoni. Nazinunua kwa watu zikiwa zimelala kabatini miaka mingi, nazisafisha, nabandua sponji za kuzuia mwanga zilizogeuka ulimbo na kuweka mpya, nafyatua kasi zote kuona kama zinaitika, kisha naziweka mnadani. Kazi naipenda na wateja wapo. Kinachonimaliza ni wanunuzi wanaoshinda mnada halafu malipo yanakuwa hadithi.

Kwa sasa wako wawili, na hawafanani hata kidogo.

Wa kwanza ni mteja wangu wa muda mrefu, tumwite Mzee wa Lenzi. Ni mstaarabu, maoni anayoniachia ni mazuri kila mara, na hajawahi kurudisha kitu. Lakini akishinda lenzi leo ataniandikia, "Usitume bado, nangoja na ile ya Jumapili vije kwenye kifurushi kimoja." Jumapili akishinda, ameshaona nyingine ya Jumatano. Vitu vinarundikana kwenye rafu vikiwa na jina lake na pesa sijaiona. Hulipa, siwezi kumsingizia, tena vyote kwa mkupuo, ila pengine mwezi mzima umeshapita. Muda wote huo mimi ninanunua mali mpya kwa pesa niliyokopa kwa dada yangu. Nikimkumbusha hunijibu kwa upole, "Mwanangu, si unanijua?" Nami huishiwa maneno, maana ni kweli namjua.

Wa pili simjui. Akaunti yake ni mpya, haina maoni ya mtu yeyote. Aliingia sekunde za mwisho akapanda dau kwenye kamera niliyoitegemea sana na akashinda. Yule aliyeshindwa naye aliniandikia siku ileile akiuliza kama ninayo nyingine ya aina ile, nikamwambia sina. Mshindi akakaa kimya. Nilipomkumbusha alisema mshahara umechelewa. Nilipomkumbusha tena alitaka nimtumie kwanza aikague ndipo alipe, tena tumalizane pembeni bila kupitia kwenye tovuti, eti tusikatwe kamisheni. Nilikataa, akawa mbogo. Anasema nikithubutu kufuta oda atanipa nyota moja na kuwatangazia watu kwamba mimi ni tapeli. Nikimuuliza lini atalipa, jibu ni kesho.

Mume wangu anasema nifute oda zote, za mzee na za huyo mwingine, nisiwe na simile na mtu. Dada yangu anasema subira yavuta heri, nikijifanya mkali nitabaki nikizitazama kamera zangu. Shangazi, nimsikilize nani? Nimdai vipi Mzee wa Lenzi bila kumvunjia heshima? Huyu wa pili akitimiza kitisho chake itakuwaje? Na yule aliyeshika nafasi ya pili, bado naweza kumrudia?

Muuza Kamera


Shangazi anajibu:

Marahaba mwanangu.

Mumeo na dada yako kila mmoja ametoa dawa moja kwa maradhi mawili, ndiyo maana hakuna iliyokukaa vizuri. Na huenda ukashangaa nikikwambia kwamba anayenitia wasiwasi si huyo mwenye vitisho. Kesi yake ni nyepesi, tutaifikia. Anayekutafuna mtaji ni huyo mstaarabu.

Hebu tazama hesabu. Lenzi zilizo rafuni zikiwa na jina la mzee huwezi kumuuzia mtu mwingine, na pesa yake hujaipata. Ili biashara isisimame, umekopa kwa dada yako. Maana yake ni kwamba anayemkopesha Mzee wa Lenzi ni dada yako, bila riba, bila tarehe, na bila yeye mwenyewe kujua. Mwambie hivyo, uone kama atarudia habari za subira.

Tena kuna hasara nyingine isiyoonekana mpaka siku imekufika. Tovuti za minada huweka muda wa mnunuzi kulipa, na pia muda wa muuzaji kuchukua hatua. Kwenye eBay, kwa mfano, zikipita siku 4 bila malipo muuzaji anaruhusiwa kufuta oda kwa sababu ya kutolipwa. Ila ruhusa hiyo haikai milele, ina siku yake ya kufungwa. Ukimwambia mtu "haya, nasubiri" mwezi mzima, siku atakayokutoroka utakuta huna tena njia ya kufuta kwa sababu hiyo, na kama tovuti yako ilishakata kamisheni, kuipata irudi itakuwa shughuli pevu. Fungua kanuni za tovuti unayouzia leo, usingoje, uandike pembeni tarehe mbili kwa kila oda ambayo haijalipwa: siku ya kwanza unayoruhusiwa kufuta na siku ya mwisho. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la muuzaji wa mnadani ni hizo tarehe.

Pamoja na hayo, ombi la mzee si la ovyo. Nauli ya kifurushi kimoja chenye lenzi tatu ni nafuu kuliko ya vifurushi vitatu, na kila mkusanyaji anaijua hesabu hiyo. Wewe pia unafaidika, kwa sababu mtu aliyeanza kukusanya kwako ataendelea kushindania vya kwako badala ya kwenda kwa mwingine. Kwa hiyo usimnyime. Alichofanya yeye ni kuyafunga pamoja mambo mawili ambayo hayana undugu, malipo na usafirishaji. Wewe yafungue. Bei ya lenzi ailipe kila anaposhinda. Nauli aje aimalizie mwishoni, ukishapima uzito wa kifurushi.

Lakini hapa pana mtego. Akishalipa, tovuti nyingi huanza kukuhesabia wewe siku za kutuma mzigo. Ukikaa na lenzi iliyolipiwa kwa sababu mzee kasema ngoja, kwenye rekodi unaonekana muuzaji mzembe, na ikitokea kutoelewana anaweza hata kufungua dai kwamba hajapokea kitu. Kwa hiyo ongeza siku za kutuma kwenye matangazo yako, na ombi lake la kusubiri liwe kwenye ujumbe wa ndani ya tovuti, si kwa simu wala mahali pengine. Kama tovuti yako haiwezi kutenganisha bei na nauli, basi mpe dirisha. Kuanzia siku aliposhinda kitu cha kwanza ana siku 7 za kukusanya. Siku ya 7 unamtumia ankara moja ya vyote na analipa. Atakachoshinda siku ya 8 kinafungua dirisha jipya. Hakikisha tu kwamba dirisha lako linafungwa kabla ya ile tarehe yako ya mwisho ya kufuta oda, wala si baada yake.

Kumwambia ndiko unakokuogopa, naona. Andika hivi:

"Shikamoo mzee. Nashukuru kwa kuendelea kununua kwangu. Kuanzia mwezi huu nimeweka utaratibu mmoja kwa wateja wote wanaounganisha vifurushi: siku 7 za kukusanya, kisha ankara moja, na malipo ndani ya siku 2. Kisicholipwa kinarudi mnadani. Vitu ulivyonavyo kwangu sasa nimeviweka kwenye ankara hii, tarehe ya mwisho ni Jumamosi. Kifurushi kitaondoka siku ya kazi inayofuata baada ya malipo kuingia."

Soma tena uone kisichokuwemo. Hakuna lawama ya zamani, hakuna samahani, na hakuna neno juu ya pesa uliyokopa. Hilo la mwisho nalisisitiza. Ukimweleza shida zako naye atakueleza zake, na mtaishia kupeana pole huku lenzi zikibaki palepale. Utaratibu wa wateja wote haumvunjii mtu heshima, kwa sababu haukumtaja yeye. Akikujibu "si unanijua?", mwambie, "Nakujua mzee, ndiyo maana nimekujulisha mapema kabla ya wengine."

Je, akikasirika aondoke? Nakuomba ufikirie jinsi alivyoshinda. Mnadani mtu hulipa hatua moja tu juu ya dau la yule anayemfuatia. Ina maana nyuma ya kila lenzi ya mzee kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa tayari kutoa karibu kiasi hichohicho. Mzee akiondoka, huyo ndiye atakayeshinda, kwa bei iliyopungua kidogo, na pengine atalipa usiku huohuo. Sidhani kama mzee ataondoka, kwa maoni yangu. Wateja wa namna yake hulipa kwa kuchelewa kwa sababu hakuna aliyewahi kuwapa tarehe. Lakini ukimwogopa kiasi cha kutompa tarehe, basi ameshakuwa bosi wako.

Sasa tuje kwa mbogo wako.

Mshahara kuchelewa si kosa, na wengi hupatwa na hilo. Kuna pia uhamisho wa benki unaokwama wikiendi, ujumbe unaoingia kwenye taka ya barua pepe, mtu aliyelazwa hospitali. Ndiyo maana ukumbusho wa kwanza lazima uwe wa kiungwana, bila kumhisi mtu vibaya. Angekuomba, "Nipe mpaka Ijumaa," ningekwambia mpe, mara moja. Yeye hakutaja siku. Alianza na kimya, akaja na kisingizio, akaomba mali kabla ya pesa, akataka mtoke nje ya tovuti, kisha akatisha. Kila moja peke yake ungeweza kuitafutia maelezo. Zikifuatana hivyo, ondoa mkono. Nje ya tovuti hakuna rekodi ya mauzo, hakuna kinga ya muuzaji, na hiyo kamisheni anayotaka kukuokolea ndiyo inayolipia mambo hayo mawili.

Kitisho cha nyota moja kina nguvu kwa sababu hujasoma kanuni. Kwenye eBay, mnunuzi ambaye oda yake imefutwa kwa kutolipa hawezi kukuharibia jina kwa maoni juu ya oda hiyo, na kutumia maoni kumshinikiza muuzaji ni kosa linaloripotiwa. Angalia tovuti yako inasemaje juu ya hayo. Bahati yako ni kwamba amekuandikia. Ujumbe ukiwa ndani ya tovuti, uache hapohapo usiufute. Ukiwa kwingine, upige picha ya skrini yenye tarehe, kisha uripoti kabla hujafuta oda, ili malalamiko yako yatangulie ya kwake.

Wakati wa kufuta utaulizwa sababu. Chagua "mnunuzi hajalipa", basi. Wauzaji wengine, kwa kutaka amani, huchagua kwamba kitu kimeharibika au hakipo tena. Hiyo ni kujifunga mwenyewe goli, maana kosa linaandikwa kwa muuzaji. Wengine hukubali kubonyeza "mnunuzi ameomba kufuta" baada ya kubembelezwa sana. Mtu akikuambia mapema kwamba ameghairi, mpe hiyo, hata mimi ningempa. Aliyekupiga danadana kwa wiki kadhaa hastahili kuondoka na rekodi safi. Si kisasi. Wauzaji wanaweza kuweka mpangilio unaowakataa wanunuzi wenye rekodi ya kutolipa, na mpangilio huo haufanyi kazi kama kila mmoja wetu anawafichia. Kwenye eBay muuzaji hawezi kumpa mnunuzi maoni mabaya tangu mwaka 2008, kwa hiyo kuripoti kutolipwa ndiyo alama pekee yenye uzito. Nimeona watu wakiacha nyota nzuri yenye maneno ya sumu ndani yake. Usifanye hivyo, mnunuzi mwingine akisoma atakuogopa wewe.

Habari za kumshtaki ziache. Katika nchi nyingi kushinda mnada ni kujifunga kununua, lakini wakili atakula bei ya kamera kumi kabla hujapata bei ya moja.

Kwa wale watakaokuja baada yake, weka ujumbe mmoja tayari, uutume siku ya mwisho ya malipo: "Habari. Oda hii bado haijalipwa na muda wake unaisha leo. Kesho nitaifuta. Kama una tatizo niandikie siku utakayolipa, na kama umeghairi niambie tu, hakuna ugomvi." Sentensi ya mwisho ndiyo inayofanya kazi. Wengi wanaokaa kimya si matapeli. Mtu amepanda dau kwa joto la sekunde za mwisho, ameamka asubuhi akaona bei, na sasa anaona haya. Ukimfungulia mlango wa kutokea atakujibu ndani ya saa chache, na wewe utairudisha kamera mnadani mapema badala ya wiki ya tatu. Ukumbusho mmoja wa upole, huu wa mwisho, kisha kufuta. Ukituma wa tatu na wa nne unamfundisha mtu kwamba tarehe zako ni za mchezo.

Umeuliza juu ya yule aliyeshika nafasi ya pili. Hujachelewa, tovuti kadhaa zina kitufe maalumu cha kumpa mtu kama huyo nafasi nyingine ya kununua kwa dau lake mwenyewe. Lakini uwe tayari akikukatalia, na usimwone mbaya. Nikupe mfano wa namba tupu. Tuseme wa tatu aliishia 60. Wa pili alikuwa ameweka kwenye mfumo kwamba hatavuka 90, na mfumo ukawa unampandishia kidogo kidogo. Mbogo asingekuwepo, wa pili angeshinda kwa kama 62, hatua moja juu ya wa tatu. Mbogo alipokuja akamsukuma mpaka 90 yake yote, kisha akashinda kwa 92. Sasa mbogo hakulipa, nawe unamwendea wa pili ukimwambia chukua kwa 90. Yeye anajiuliza: huyu aliyenipandishia bei halafu akatoweka, ni mnunuzi kweli au ni rafiki wa muuzaji? Ana haki ya kujiuliza, mchezo huo upo na watu wameumizwa nao.

Kwa hiyo mweleze waziwazi: mshindi hakulipa, nimefuta oda na kumripoti, kamera ipo kama ulivyoiona. Mwachie nafasi ya kusema bei yake. Akikuambia 75 na wewe gharama zako zimetoka, chukua, ila mauziano yapite ndani ya tovuti. Mnada ukirudiwa mara nyingi hufungwa chini ya mara ya kwanza, kwa sababu watu hujiuliza kwa nini kitu kimerudi, na hata minada ya vitu vya mamilioni haiepuki hasara ya namna hiyo. Mwaka 2010 chombo cha kauri cha China cha zama za mfalme Qianlong kilifika pauni milioni 43 kwenye nyumba ndogo ya mnada pembezoni mwa London. Mshindi hakulipa. Kilikaa mpaka 2013 ndipo kikapata mnunuzi mwingine, kwa makubaliano ya faragha na kwa bei iliyoripotiwa kuwa chini sana ya ile. Baada ya visa vya namna hiyo nyumba kubwa za mnada zilianza kudai amana kwa wanaotaka kushindania vitu vya China vya bei kubwa. Kama tovuti yako inaruhusu kumtaka mtu aweke kadi au amana kabla ya kupanda dau, itumie kwa kamera zako za bei ya juu. Zile za bei ndogo, unazoziuza mara kwa mara na bei yake inajulikana, mbona unazipeleka mnadani? Ziuze kwa bei iliyopangwa, na malipo papo hapo. Mnada uuachie vile ambavyo wewe mwenyewe hujui vitafika wapi.

Linalonitia hofu ni kwamba huyu mbogo, akiona unafuta kweli, anaweza "kulipa" ghafla. Utapata barua pepe yenye nembo nzuri ikisema pesa zimepokelewa lakini zimeshikiliwa mpaka utume namba ya kufuatilia kifurushi. Usibonyeze kiungo chochote ndani yake. Ingia kwenye akaunti yako kwa njia unayoingia siku zote na utazame salio. Kama pesa haipo pale, haipo. Au atadai amelipa zaidi kwa bahati mbaya, umrudishie tofauti. Usirudishe hata senti moja kwa njia nyingine. Au atalipa kweli, kisha akuombe utume kwenye anwani tofauti na iliyo kwenye oda, na ukikubali kinga yako ya muuzaji inaweza kuondoka hapohapo. Kumbuka pia kwamba malipo ya kielektroniki yanaweza kupingwa baadaye. PayPal, kwa mfano, humpa mnunuzi siku 180 za kufungua mgogoro. Piga picha namba iliyochongwa kwenye kamera, piga picha ukiifunga, tuma kwa njia yenye kufuatiliwa, na stakabadhi uitunze muda huo wote.

Basi mpangilio wa wiki hii ni huu. Leo andika zile tarehe na umtumie mzee ujumbe na ankara. Kisha ripoti kitisho, futa oda ya mbogo kwa sababu ya kutolipa, na umwandikie aliyeshika nafasi ya pili. Mbogo akikuandikia tena usimjibu, hata akitukana. Na jina lake lizuie kabla hujaiweka kamera mnadani upya, maana wapo wanaorudi kwenye kitu kilekile na kushinda tena.